Zamu ya Mti

Cheche alipofika msituni bila kumtania mtu, Nesi alilitazama daftari lake la alama, akalifunga, akalirudisha mfukoni. Alijua leo hakuna mchezo.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina lake alilipata kwa kazi na kwa mdomo. Kwa miaka sita, kila Jumamosi asubuhi, watu wanne walikutana kwenye msitu ulio nyuma ya machimbo ya kokoto kucheza gofu ya visahani. Wa kwanza ni yeye mwenyewe. Wa pili ni mdogo wake wa mwisho, ambaye wote walimwita Dereva tangu alipokuwa mtoto akizunguka ua na mfuniko wa sufuria mikononi, akinguruma kama lori la mlimani. Wa tatu ni shemeji yao Bucha, muuza nyama, mume wa dada yao wa katikati. Wa nne ni Nesi, mama wa wodi ya majeruhi, mwanamke mfupi ambaye hakuna aliyemfikia kwa shabaha ya karibu. Mchezo wenyewe hauna makuu. Unasimama kwenye mkeka wa mpira, unarusha kisahani cha plastiki kati ya miti, unakifuata kilikoangukia, unarusha tena, mpaka kiingie kwenye kapu la chuma lenye minyororo inayoning'inia. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mbabe wa siku. Makapu ni kumi na nane, na miti haina adabu. Inasimama palepale ambapo ungependa isisimame.

Walikuwa na sheria zao. Mtu anayerusha mahali asipoona mbele lazima kwanza apige kelele: "Sahani!" Ukisikia hivyo unachutama, unaipa mgongo sauti, unafunika kichwa kwa mikono. Cheche hakuwahi kuchutama hata siku moja. Alisimama wima akitafuta kisahani angani, na waliochutama aliwaita kuku wanaotaka kutaga.

Na kulikuwa na zamu ya mti. Mtu akimpiga mwenzake, anakwenda kusimama palepale mwenzake alipopigwa, anaukumbatia mti ulio karibu, na aliyepigwa anamrushia kisahani kilekile, mara moja tu, kutoka kwenye mkeka uleule. Asipoweza, ndugu yake anamrushia. Ilikuwa sheria ya kucheka. Kwa miaka yote sita, hasara yake kubwa ilikuwa alama nyekundu kwenye makalio na mzaha wa wiki nzima.

Halafu Dereva akapoteza jicho la kulia.

Ilikuwa kapu la tisa, penye kona ya miti minene. Dereva alikuwa mbele, anatafuta kisahani chake kwenye vichaka. Bucha akarusha cha rangi ya machungwa, kikaikata kona, kikampata Dereva usoni kwa ukingo. Mlio wa kugonga ulikuwa mdogo, kama wa mtu aliyekanyaga yai. Nesi alimwosha damu kwa chupa yake ya maji ya kunywa, akaona kilichokuwa kinamwagika pamoja na damu, akavua koti akamfunga kichwa chote, wakampeleka hospitali. Dereva alikuwa ameshapimwa, ameshapewa sare na lori lenye tela, aanze safari Jumatatu. Jumatatu ilimkuta kitandani. Lori likaondoka na mtu mwingine.

"Nilipiga kelele, shemeji," Bucha alisema pale kwenye benchi la hospitali, mikono yake mikubwa ikiwa katikati ya magoti. "Naapa kwa mtoto aliye tumboni mwa dada yako, nilipiga kelele."

"Muache mtoto," Cheche alimjibu. "Hajaiona hata sura yako. Akiiona atarudi alikotoka."

Dereva alipoulizwa kama alisikia kelele, aligeukia ukutani. Cheche akalichukua hilo kuwa jibu.

Wazazi wao walikufa mwaka mmoja, Dereva akiwa na miaka tisa. Dada alipika, Cheche akatafuta. Alimfundisha mdogo wake kuogelea kwa kumsukuma kwenye kina, akamfundisha kupigana kwa kumpiga. Vyuma vingi alivyochomelea vilirudi karakana vikiwa vimeachana, lakini mtoto yule hakuachana mahali. Alikuwa kazi yake bora. Sasa mtu alikuwa ameitoboa, na Cheche alikuwa na haja moja tu duniani: Bucha naye apoteze kitu kisichorudi. Jicho, uti wa mgongo, chochote. Alikuwa tayari kukichukua mbele ya dada yake, na kama ingembidi, kutoka mikononi mwa dada yake.

Dada mwenyewe alikuja karakana siku mbili kabla, mimba ya miezi saba imemtangulia. Akakaa juu ya mtungi mtupu wa gesi, akapepea uso kwa kipande cha boksi.

"Kaka, nasikia mnakwenda kurushiana."

"Zamu ya mti. Mumeo amekubali mwenyewe."

"Amekubali kwa sababu hapati usingizi. Anaamka anakaa jikoni anatazama visu vyake." Akapepea tena. "Yule ni mume wangu. Yule mwingine ni mdogo wangu. Ukiwasawazisha hao wawili, mimi nitabaki na mzima nani?"

"Na mimi je?"

"Wewe hujawahi kuwa mzima."

Wafanyakazi wa karakana wakacheka. Cheche hakucheka. Dada akasimama, akashika kiuno, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ukimlemaza baba wa mtoto huyu, usije ukaniita dada tena. Nimemaliza." Akaondoka.

Cheche akafunga mlango wa chumba cha vifaa. Kile kisahani cha machungwa alikuwa nacho yeye tangu siku ile, damu imekauka kwenye ukingo. Akakigeuza, akachonga mfereji kwa ndani kuzunguka ukingo wote, akaukunja waya mnene wa chuma ukawa duara, akaziunganisha ncha zake kwa tone la kuchomelea, akaulaza ndani ya mfereji, akauziba kwa plastiki iliyoyeyushwa, akapiga msasa hapo ndani tu, akapaka rangi. Ukikitazama huoni kitu. Ukikishika ndipo mkono unapokwambia. Akatoka nacho uani, akakirusha kwenye ubao wa dari uliosimamishwa mwishoni mwa ua. Kilikwenda kimenyooka kama fimbo, kikaupasua ubao, kikabaki kimekwama humo kinatetemeka. Akakirusha mara ishirini, na mara zote ishirini kilinyooka. Ua wa karakana ulikuwa na hatua kumi na tano. Kutoka kwenye mkeka wa kapu la tisa hadi kwenye mti ni hatua arobaini. Fundi mzuri hupima mara mbili kabla ya kukata, lakini hasira ilikuwa imempimia kwa niaba yake.

Sasa wote wanne walikuwa hapo, penye kapu la tisa. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Dada alikuwa amekataa kubaki nyumbani. Aliwaleta yeye kwa pikapu ya bucha, akabaki kwenye usukani nje ya msitu kwa sababu Nesi alimkataza kutembea kwenye mizizi na hali ile.

Bucha alikwenda mwenyewe hadi kwenye mti. Alikuwa mtu wa mabega, mtu aliyezoea kubeba nusu ya ng'ombe bila kuhema. Akavua kofia, akaiweka chini vizuri, kana kwamba ataihitaji tena.

"Nionyeshe hicho kisahani," alisema.

"Utakiona kikija."

"Sheria ni kilekile."

"Ni kilekile. Damu ya mdogo wangu bado iko juu yake. Unataka kuilamba?"

Bucha akageuka, akaukumbatia mti, shavu likagusa gamba. Shati lilikuwa limemshika mgongo kwa jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Cheche alikuwa ameshakanyaga mkeka Dereva alipotoka kwenye vichaka upande wa kushoto. Alikuwa na kiraka cheupe kwenye jicho, na alitembea kama walivyo watu waliozoea kuona kwa macho mawili, akiinua miguu juu mno mahali pasipo na mzizi. Akafika karibu na Bucha, hatua tatu hivi, akasimama.

"Kaka, acha."

"Toka hapo."

"Alipiga kelele. Nilisikia."

Bucha aliinua shavu kutoka kwenye mti.

"Nilisikia vizuri," Dereva akaendelea, na sauti yake ikaanza kupanda. "Alisema sahani, na mimi nikageuka kuitazama. Nikasimama wima kama unavyosimama wewe. Ningechutama ungenicheka mpaka Jumamosi nyingine. Hujawahi kuniambia niiname, kaka, hata siku moja. Nikiwa na miaka kumi nilikwepa jiwe ukanipiga kofi kwa sababu nimekwepa. Unakumbuka?"

"Nani kakufundisha hayo maneno? Dada?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu kwa ajili yako."

Nesi akasogea hatua moja. "Cheche, umesikia. Weka chini."

Alikuwa amesikia. Kila neno lilimwingia likakaa mahali pake, na alijua ni kweli jinsi anavyojua chuma kimeshika kwa kusikiliza sauti yake. Angeweza kushusha mkono. Mkono ulikuwa wake, hakuna aliyemshika. Lakini wiki tano alikuwa amelala na mgongo ule kichwani, ameutoboa usiku na mchana, na sasa ulikuwa mbele yake, na wa kumwambia kwamba mgongo si ule, kwamba mgongo ni wake yeye, alikuwa yuleyule mtoto aliyemlea. Damu ikampanda machoni. Aliona haya, na kwa Cheche haya na hasira zilitokea mlango mmoja.

"Anamwonea huruma dada," alisema, akijisemea mwenyewe. "Basi."

Akazungusha kiuno, akarusha kwa nguvu zake zote.

Kilitoka kimenyooka. Hatua kumi, kumi na tano, kimenyooka kama kwenye ua. Kisha lile tone la kuchomelea, nundu ndogo upande mmoja wa duara ambayo karibu haikuwa na uzito, likaanza kudai haki yake. Kisahani kikatikisa kichwa. Kikatikisa tena, kikalala ubavu, kikaanza kupinda kushoto, kikiacha mgongo wa Bucha pembeni. Dereva alikuwa amegeuka kumtazama Bucha. Upande wa mkeka ulikuwa upande wa jicho lisilokuwepo.

Kilimpiga chini ya sikio. Taya ilivunjika kwa mlio ambao Cheche aliusikia kutoka hatua arobaini. Dereva hakupiga kelele. Alizunguka nusu duara akaanguka kifudifudi, na alipojaribu kuinuka kwa viwiko, sehemu ya chini ya uso wake haikuinuka pamoja naye. Damu na meno mawili vikamtoka, vikaangukia majani.

Nesi alifika wa kwanza. Akapiga magoti, akamlaza ubavu, akaingiza vidole viwili mdomoni kuondoa vilivyovunjika asivimeze. "Pumua kwa pua, mwanangu. Kwa pua. Usijaribu kusema kitu."

Bucha alikiokota kisahani. Alikuwa mtu wa mizani. Kila siku mkono wake uliukadiria uzito kabla ya sindano kusimama. Akakipima mara moja kwenye kiganja, akakigeuza, akaingiza ukucha kwenye ukingo pale plastiki ilipopasuka. Waya ukang'aa.

"Hii ulinitengenezea mimi," alisema.

Cheche alikuwa anakuja mbio, macho yake yako kwa mdogo wake tu. Bucha alimpokea na ngumi. Ilikuwa ngumi ya mtu anayevunja mifupa kwa riziki, na pua ya Cheche ikalala upande. Cheche akaanguka, akainuka, akamrukia shingoni, si kwa sababu alitaka kupigana, ila kwa sababu Bucha alikuwa kati yake na Dereva na hakujua njia nyingine ya kupita kwa mtu. Wakabiringika kwenye mizizi. Cheche akamng'ata bega mpaka akasikia chumvi. Bucha akamshika nywele, akakipiga kichwa chake ardhini mara mbili, akampiga ngumi ya paji la uso, na kitu kikalia ndani ya mkono wa Bucha mwenyewe. Akaachia, akaushika mkono wake kifuani, akapiga ukelele wa kwanza wa siku hiyo.

"Mkimaliza," Nesi alisema bila kugeuka, "kuna mtu huku anazama kwenye damu yake. Namtaka mwenye mabega."

Wakaacha. Hilo moja waliliweza.

Bucha akajikokota hadi pale, akachuchumaa. Nesi akamwelekeza: begani, kifudifudi, uso uning'inie ili damu itoke nje isirudi kooni. Cheche akashika miguu ya mdogo wake kusaidia kumpandisha. Dereva akafungua jicho lake, akaona ni nani, akaipiga mikono ile teke. Hakukuwa na nguvu ndani yake. Cheche akaachia kama aliyeungua.

Kwa hiyo Bucha alimbeba peke yake, kama anavyobeba nyama, mkono mzima ukiwa juu, ule uliovunjika ukining'inia. Njia ya kurudi ilipita makapu manane. Nesi alitembea mbele akisukuma matawi, na kila baada ya hatua chache aliinama kumtazama Dereva anavyopumua. Cheche alifuata nyuma na mikoba yote minne, pua ikimtiririka, akikanyaga matone ya damu njiani kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukanyaga. Mara mbili alisema, "Shemeji, pumzika, nikupokee." Mara zote mbili Bucha alihema kwa nguvu zaidi, akaendelea kutembea.

Dada aliwaona wakitoka kwenye miti. Akashuka kwenye pikapu, akashika mlango kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine. Akamtazama mumewe, bega limeng'atwa, mkono umevimba. Akatazama kilichokuwa juu ya bega lingine. Hapo akaelewa kwamba aliyebebwa si yule aliyekuwa anamwogopea njia nzima.

"Nani?" aliuliza.

Bucha alikuwa anamshusha Dereva kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu. Angeweza kusema. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema ni yeye, lakini alinyamaza, na Nesi akajifanya ana kazi nyingi kuliko alizokuwa nazo. Walimwachia nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa nzito kuliko kile kisahani.

"Mimi," Cheche alisema. "Mumeo alipiga kelele siku ile. Dereva ameniambia kabla sijarusha, na nikarusha."

Dada akamwendea. Alimchapa kofi kwenye pua iliyokwisha vunjika, mkono wazi, kwa uzito wa watu wawili. Cheche aliona nyota, akakaza shingo akingoja la pili. Halikuja.

"Nani atakaa naye huko nyuma?" dada akamuuliza Nesi.

"Mimi lazima niangalie koo lake. Ila nataka mtu wa kushika taya isitembee, mikono miwili, asiachie hata kidogo mpaka tufike. Ikitembea inaweza kukata mshipa."

Dada akautazama mkono wa mumewe uliovimba kama mkate. Akautazama usukani, ambao hakuna mwingine mwenye mkono au macho ya kuushika. Kisha akamtazama kaka yake.

"Panda," alisema. "Ukifungua mdomo nakushusha katikati ya barabara."

Cheche akapanda. Nesi akachukua viganja vyake, vyeusi kwa miaka ya vyuma, akaviweka pande mbili za uso wa Dereva, akavibana. "Hapa. Kidole gumba hapa. Unasikia mfupa? Uzuie."

Alisikia. Ulikuwa na kingo, kama bati lililokatwa vibaya. Dereva alijaribu kuutoa uso wake mikononi humo, Nesi akamkatalia kwa kichwa, Dereva akaacha. Pikapu ikaanza kutembea. Barabara ya machimbo ilikuwa mashimo matupu, na dada hakuwa na namna ya kuyakwepa yote. Kila gurudumu lilipotumbukia, mfupa uliteleza kidogo chini ya kidole cha Cheche, na mwili mzima wa mdogo wake ulikakamaa, na sauti ikatoka puani. Cheche alibana. Damu vuguvugu ilimpita kati ya vidole ikaingia mikononi mwa shati. Alitaka kusema neno, hata moja, akakumbuka alichoambiwa, akalimeza. Jicho lile moja lilikuwa wazi, hatua moja kutoka lake, linamtazama. Halikufumba, halikulia, halikumuuliza kitu. Kuliangalia kulimuuma, na asingeweza kugeuza kichwa bila kulegeza mikono. Basi akainama karibu zaidi, akakaza viganja, akaliangalia.